Kabla ya ploti, jiwekee akiba ya maradhi

Mwulize Mkenya yeyote mwenye kipato, awe mwalimu, dereva wa matatu au mwuza mboga sokoni, ana azma gani kuhusu pesa zake. Hatachelewa kukujibu. Atakutajia ploti anayoitamani huko Kitengela au Juja, nyumba ya mawe atakayowajengea wazazi kijijini, ng'ombe wa maziwa, au pikipiki ya kufanyia biashara. Kisha mwulize ametenga shilingi ngapi kwa ajili ya siku ambayo yeye au mtoto wake ataugua. Hapo utamwona akikutazama kana kwamba umemtakia mabaya.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumzie leo, msomaji. Huenda ukashangaa kukuta habari za pesa katika kurasa ambazo umezoea kusoma habari za malaria, meno na lishe bora. Lakini mgonjwa anayefikishwa hospitalini akiwa hoi, aghalabu hakuchelewa kwa kutojua kwamba anaumwa. Alichelewa kwa sababu alikuwa akitafuta pesa. Alianza kwa kununua vidonge viwili vya kutuliza maumivu dukani. Siku ya tatu akaenda kwa mwuza dawa, akamweleza hali yake kupitia dirishani, akapewa dawa ya kuua viini, nusu ya kiasi kinachotakiwa, kwani pesa alizokuwa nazo zilitosha nusu. Siku ya saba ndipo jamaa walipoanza kuchanga.

Wapo pia wale wenye maradhi ya kudumu, kama kisukari na shinikizo la damu. Mtu ameandikiwa kidonge kila siku, naye anakimeza siku moja na kuruka siku moja ili kifurushi kifike mwisho wa mwezi. Hahisi tofauti yoyote, maana shinikizo la damu haliumi. Siku atakayohisi tofauti huenda ikawa siku ya kiharusi, na gharama ya kumwuguza mtu aliyepooza upande mmoja haiwezi kulinganishwa na bei ya vidonge alivyoruka.

Na yapo mambo yanayotokea baada ya matibabu. Mwezi Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa gharama za kujifungua, kulivunja haki zao za kikatiba. Miaka miwili kabla ya uamuzi huo, mnamo Juni 2013, serikali ilikuwa imeondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Hata hivyo, hadi leo hutakosa kusikia habari za familia inayofanya harambee ili mgonjwa wao aruhusiwe kwenda nyumbani, au ili maiti itolewe katika chumba cha kuhifadhia maiti. Hospitali yenyewe ina hoja zake, kwa kuwa nayo hununua dawa na kulipa wafanyakazi. Lakini aliyelala kwenye kitanda hicho ni binadamu, na kila siku anayolala pale deni linaongezeka.

Basi kuna haja ya kupanga. Na hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa kuwa tunachanganya kutamani na kupanga. Kusema "mwaka huu nitaweka akiba" si kupanga lolote. Ni sawa na abiria anayepanda matatu bila kumwambia utingo anakoshukia. Mpango wa pesa lazima uwe na jina, uwe na kiasi, na uwe na tarehe. Kikikosekana kimoja, pesa zitapata kazi nyingine ya kufanya, na zitaipata upesi.

Tuchukue mfano wa ujauzito, kwa sababu ni hali ya pekee katika mambo ya hospitali: unakutangazia tarehe mapema. Mama akienda kliniki, muuguzi humwuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, huhesabu wiki 40, na kuandika katika kitabu cha mama na mtoto tarehe anayotarajiwa kujifungua. Ni nani mwingine katika maisha yako anayekupa notisi ndefu namna hiyo? Mwenye nyumba hakupi. Tuseme mama ameanza kliniki ujauzito ukiwa wa wiki 12. Zimebaki wiki 28, yaani siku 196. Wazazi hao wakitenga shilingi 50 kila siku, siku ya kujifungua watakuwa na shilingi 9,800. Wakitenga shilingi 30, watakuwa na 5,880. Pesa hizi huenda zisilipe kila kitu, hasa ikiwa itabidi mama apasuliwe, lakini zinatosha kukodi gari saa nane za usiku, kununua pamba, nepi na sabuni, na kumwacha mtoto mkubwa kwa jirani akiwa na cha kula. Badala yake, katika nyumba nyingi tarehe hiyo hufika kana kwamba haikutarajiwa. Baba huonekana akipiga simu huku na huku uchungu ukiwa umeshaanza.

Isitoshe, Shirika la Afya Ulimwenguni tangu mwaka 2016 linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane. Kila safari ina nauli, na kila safari ni nusu siku ya kazi iliyopotea. Ukipanga pesa za kujifungua ukasahau nauli za kliniki, mpango wako una tundu.

Akiba haiozi, tumeambiwa tangu tukiwa shule ya msingi. Hatukuambiwa pa kuiweka! Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kwetu. Wataalamu wawili wa uchumi, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya utafiti magharibi mwa Kenya miongoni mwa wanachama wa vyama vya mzunguko, vile ambavyo kila mmoja hutoa kiasi fulani na kitita hupewa mmoja kwa zamu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Kila mwanachama aliombwa ataje lengo lake la afya na gharama yake. Kisha baadhi yao walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na tundu la kupitishia pesa, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Hawakuongezewa hata shilingi moja. Ajabu ni kwamba sanduku hilo pekee liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66.

Kundi jingine lilipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo uliwekwa na afisa wa mradi, na halikuweza kufunguliwa mpaka lengo litimie. Ungedhani hawa ndio wangefaulu zaidi, kwa kuwa mkono hauwezi kudokoa. Sivyo ilivyokuwa. Sanduku hilo halikuwasaidia sana, na sababu yake si ngumu kuielewa. Nani atakubali kufungia pesa mahali asipoweza kuzifikia, ilhali anajua mtoto anaweza kushikwa na homa usiku wa leo? Waliofanya vizuri zaidi ni wale waliounganisha akiba ya afya na chama chenyewe, wakichanga pamoja kwa ajili hiyo.

Utafiti huo uligusa pia jambo ambalo sisi tunalijua bila kufanya utafiti. Kutenga pesa kwa jina maalumu kuliwafaa hasa wale ambao ndugu na marafiki huwaomba pesa mara kwa mara. Wewe unayesoma haya bila shaka umewahi kupigiwa simu: "Shemeji, niokoe na elfu moja tu, Ijumaa nitakurudishia." Ukiwa na shilingi 3,000 mfukoni zisizo na jina, utasemaje? Kumnyima ni uchoyo, na habari zitafika kijijini kabla ya jua kutua. Lakini ukiweza kusema, "Shemeji, zilizopo ni za dada yako za kujifungua, nazo ziko kwa mweka hazina wa chama," umesema kweli, na hakuna mtu mwenye heshima zake atakayekulazimisha. Pesa zenye jina zina mtetezi. Simaanishi kwamba tuwatupe jamaa zetu. Utamaduni wa kusaidiana umewaokoa wengi wetu, na huenda kesho ukaniokoa mimi. Ila anayetoa kila anachoombwa, siku yake ikifika naye huwa mwombaji.

Sasa, ukikubaliana nami kwamba akiba ya kwanza iwe ya maradhi, jambo la mwanzo kabisa ni bima. Hazina ya zamani ya bima ya hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, nafasi yake ilichukuliwa na Hazina ya Afya ya Jamii chini ya mamlaka ya SHA kuanzia Oktoba 1, 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali kadhaa, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hapa pana kikwazo, kwani aliyejiajiri hutakiwa kulipa ada ya mwaka mzima kwa pamoja, ambayo kwa kiwango hicho cha chini ni shilingi 3,600. Kwa mwenye kibanda cha viazi, shilingi 3,600 kwa mkupuo ni mtaji wa siku kadhaa. Lakini zigawanye: ni shilingi 10 kwa siku, kwa siku 360. Hilo tayari ni lengo lenye jina, kiasi na tarehe. Ikiwa ada yako imepangwa kuwa zaidi ya hapo, fanya hesabu vivyo hivyo. Mpango wa kukopeshwa ada hiyo na kuilipa kidogo kidogo upo, lakini aliyechanga mwenyewe hana wa kumrudishia.

Najua malalamiko kuhusu bima hii ni mengi, na baadhi yake ni ya haki. Kuna anayefika hospitalini akaambiwa mtambo umekwama, na kuna anayeandikiwa dawa akatumwa akainunue nje. Hayo yasikufanye usijiandikishe. Yakufanye tu ujue kwamba kadi ya bima si mwisho wa safari, na kwamba pembeni yake unahitaji pesa taslimu za nauli, za dawa iliyokosekana, na za chakula cha anayemlinda mgonjwa.

Kiasi gani? Hapo sitakupa tarakimu, kwani anayeishi hatua mia moja kutoka zahanati hawezi kuwa sawa na anayeishi Turkana, ambako hospitali iko mbali mno. Chukua karatasi. Andika gharama ya kufika hospitali iliyo karibu nawe usiku, si mchana, maana bei za usiku ni nyingine. Ongeza malipo ya kumwona daktari, vipimo vya damu na dawa, kwa kukumbuka mara ya mwisho mtu wa nyumba yako alipougua. Ongeza siku tatu ambazo hutafanya kazi. Jumla hiyo ndiyo hatua yako ya kwanza. Ukiifikia, izidishe mara mbili.

Kuhusu mahali pa kuweka, niseme wazi kwamba chama cha akiba na mikopo, yaani Sacco, ni kitu kizuri mno, lakini si kwa kazi hii. Hisa na amana zako za Sacco ni dhamana ya mkopo, na kwa kawaida huwezi kuzitoa ila unapojiondoa uanachama. Zitakufaa kwa ploti, hazitakufaa Jumapili usiku mtoto akishikwa na degedege. Ploti nayo ndiyo mbaya zaidi kwa dharura. Nimeona watu wakiuza shamba kwa nusu ya thamani yake kwa sababu mnunuzi alijua mgonjwa yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Akiba ya maradhi iwe mahali unapoweza kuifikia siku hiyo hiyo: akaunti ya benki isiyochanganywa na ya matumizi, akiba ya kwenye simu, au mfuko maalumu wa chama wenye mweka hazina mwaminifu na daftari linalosomwa mbele ya wote kila mkutano. Na yeyote atakayekuahidi kwamba akiba hiyo itazaa maradufu kwa miezi mitatu, mkimbie. Maelfu ya Wakenya walipoteza pesa katika miradi ya upatu iliyoporomoka mwaka 2006 na 2007, na baadhi yao walikuwa wameziweka humo karo za watoto.

Wengine watasema, akiba ya nini na simu ipo? Bonyeza, ukope, umalizane nayo. M-Shwari, iliyoanzishwa Novemba 2012, ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Shilingi 150 kwa mkopo wa 2,000 hazionekani kuwa nyingi. Lakini ukiulipa na kuukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umetoa shilingi 1,800 za ada peke yake, karibu sawa na mkopo wenyewe, na mkononi huna kitu. Sisemi mkopo ni haramu. Mtoto akizidiwa, kopa. Ila usiuite huo mpango.

Kuna msomaji ambaye kufikia hapa amekunja uso. Anasema, "Mimi naishi kijungujiko, ninachopata asubuhi kinaliwa jioni, hizo hamsini zitoke wapi?" Ana haki ya kukasirika. Kwa mtu wa namna hiyo maneno ya akiba huwa kama kejeli, na sioni aibu kusema kwamba matibabu ya maskini ni wajibu wa serikali kabla hayajawa wajibu wa kibubu chake. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2023 yenyewe inasema kwamba ada ya wasiojiweza italipwa na serikali. Lidai hilo kwa chifu, kwa diwani na kwa mbunge wako, na udai ukiwa umejiandikisha. Lakini kati ya asiye na kitu kabisa na aliye na kazi nzuri, tupo wengi tulio katikati, ambao shilingi 50 za kila siku hutoka kwa mkopo wa maongezi ya simu, kwa soda, kwa kubahatisha matokeo ya mpira. Kamari hasa! Vijana wetu wanajua alama za timu za Uingereza kuliko wanavyojua kundi lao la damu.

Faida nyingine haionekani kwenye daftari. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Wakulima wale wale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, pesa zikiwa zimekauka, na baada ya mavuno. Walifanya vibaya kabla ya mavuno. Wasiwasi wa pesa hukaa kichwani kama mpangaji asiyelipa kodi. Huchukua nafasi ya mambo mengine, ikiwemo kukumbuka kumeza dawa. Watu wengi wanaolalamika kwamba hawapati usingizi hawana ugonjwa wa usingizi. Wana deni.

Neno kwa mume na mke. Akiba ya maradhi isiwe siri ya mmoja. Nafahamu kwa nini wanawake wengi huficha pesa kwenye chama bila waume zao kujua, na sababu zao mara nyingi ni nzito, wala siwalaumu. Lakini mwenye kujua nambari ya siri akiwa ndiye aliyezimia, akiba itasaidia nani? Watu wazima wawili katika nyumba, au ndugu mmoja unayemwamini ikiwa unaishi peke yako, wajue pesa ziko wapi na jinsi ya kuzitoa. Iandikeni, pamoja na kundi la damu la kila mmoja na dawa zinazomdhuru, na karatasi hiyo ikae mahali inapoweza kupatikana gizani.

Na Mungu akijalia mama akajifungua salama, zikabaki shilingi 2,000 katika zile 9,800, zisirudi kwenye ploti. Zibadilisheni jina siku hiyo hiyo, ziitwe za kliniki ya mtoto. Atatakiwa kupelekwa akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Katika vituo vya serikali chanjo hizo hutolewa bila malipo. Nauli ya kwenda na kurudi mara tano ni yenu, nanyi mmeshaambiwa tarehe zote mapema.